Paa Moja na Mkwe Wangu

Ndege ilikuwa ya saa mbili asubuhi siku ya Jumatano, na Jumatano hiyo vijana walikuwa wametangaza maandamano. Sisi wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera tunajua maana yake. Jua halijatoka, matairi yanawaka barabarani, gari haliingii wala halitoki, na mtu mwenye sanduku kichwani anaulizwa amelitoa wapi. Kwa hivyo ilibidi niondoke Jumanne, nikalale karibu na uwanja wa ndege.

Sikuwa nimelala hoteli hata siku moja. Kwangu hoteli ni mahali pa chai na chapati, unakula unaenda.

Nilikuwa naenda kwa binti yangu mdogo, anayetunza wazee ng'ambo, mbali sana, ndege inaruka mchana kutwa na bado hujafika. Alikuwa mjamzito. Madaktari walisema atapasuliwa Ijumaa, na mwanamume aliyempa hiyo mimba alikuwa ameshaenda zake. Nikikosa ndege, mtoto wangu anaingia chumba cha upasuaji bila mtu wake mlangoni.

Mipango yote aliifanya binti yangu mkubwa wa Kawangware. Mume wake ni dereva wa teksi, mtu wa Kitui, mpole, maneno yake machache. Ndiye angenipeleka kwa gari lake, halafu alfajiri anifikishe uwanjani na kunionyesha pa kwenda. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Herufi kubwa naziona, ndogo zinanikimbia.

Tulifika jioni, jua bado liko. Msichana wa mapokezi, kucha ndefu kama za mwewe, akanikaribisha vizuri, kama bibi yake.

"Karibu shosho. Tumewawekea vyumba viwili, vinaangaliana. Ukihitaji kitu unamgongea tu kijana wako."

"Huyu si kijana wangu," nikamwambia. "Ni mkwe."

"Sawa tu, shosho."

Haikuwa sawa. Kwetu, watu wa ziwa, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hata salamu tunapeana kwa umbali. Wakamba nao, watu wa mkwe wangu, najua mama mkwe kwao si mtu wa kuzoewa. Ukivunja hilo kuna laana tunaita chira, na chira haimfuati aliyekosa. Inamtafuta mtoto.

Nilimwangalia mkwe. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua tangu Kawangware, ila aliona haya kuniambia, na mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani ataniacha getini akalale kwingine. Nikampigia binti yangu simu palepale.

"Mama, hoteli si nyumba ya mtu," akasema. "Ni kama hospitali. Hospitali si mnalala tu na yeyote?"

"Hospitalini silali. Nalazwa."

"Kuna ukuta hapo katikati. Kuta mbili na koridoo."

"Ukuta sijauliza. Nimeuliza paa."

"Lakini mchungaji si alisema haya mambo tuachane nayo?"

"Basi mwambie mchungaji aje alale hapa yeye."

Binti yangu akaliacha hilo. Alijua kwa nini siwezi kucheka. Miaka mingi nyuma nyumba yangu iliungua, nikakimbilia kwao Kawangware, chumba kimoja, pazia katikati. Nikalala usiku mmoja tu. Mwezi haukuisha, mtoto wao wa kwanza akafa, miezi mitano. Mchungaji alihubiri vizuri siku ya mazishi. Lakini si yeye aliyemfunika mtoto.

Nilitoka nje, mkwe akanifuata, akasimama mbali kidogo.

"Mama," akasema, "daktari alisema ni nimonia."

"Najua alichosema."

"Mimi sijawahi kukulaumu."

"Najua pia."

Hakubishana. Akaenda akafungua gari alale humo. Askari wa getini akaja na rungu lake.

"Mzee, hapa hatulalishi watu kwa gari. Lala ndani ama toa gari."

"Na nikikaa tu macho wazi?"

"Macho yako nitayalinda mimi usiku kucha?"

Basi mkwe akaniambia atapeleka gari kwa maegesho ya uwanja wa ndege. Huko madereva wanalala kwa magari yao na hakuna anayewauliza. Saa kumi na moja alfajiri atakuwa hapa. Nikaona ni vyema. Nikamwona anatoka getini na moyo wangu ukatulia kidogo.

Lifti niliikataa, nikapanda ngazi na sanduku langu. Mlango wa chumba ukajifunga wenyewe nyuma yangu, kukawa kimya. Mimi nimezoea mabati. Jirani akikohoa unamsikia, ukilia atakusikia. Mle ndani hata ningeanguka hakuna ambaye angejua. Nikafungua mkoba niangalie pasipoti, niishike tu mkononi.

Haikuwepo.

Ndipo nikakumbuka. Tulipotoka nyumbani nilimpa mkwe pasipoti na tikiti azifungie kwenye kijisanduku cha mbele ya gari, nikiogopa wezi. Sasa nilikuwa nimemfukuza nazo.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga mpaka kidole kikauma. Nikampigia binti, naye akampigia, vilevile. Nikafikiri wezi wamempiga ngeta, wamemkaba koo huko njiani. Nikafikiri amelala barabarani na damu. Na katikati ya hayo yote nikafikiri juu ya pasipoti, nikajionea haya, kwa sababu ni baba wa wajukuu wangu. Sikuvua hata viatu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiomba kwa lugha yetu, na kila nikifika kwa jina la binti yangu mdogo nilirudi mwanzo.

Saa kumi na moja nilikuwa chini na sanduku langu. Basi dogo la hoteli lilikuwa limewasha injini, wageni wanaingia. Dereva akanishikia mlango.

"Shosho, pasipoti iko?"

"Iko na mkwe wangu."

"Na mkwe wako yuko wapi?"

"Nilimfukuza."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha.

"Nitangoja dakika kumi, shosho. Hawa watu wote wana ndege."

Nikasimama getini na askari yule wa rungu. Dakika zilienda. Dereva akapiga honi mara moja, taratibu, kama mtu anayeomba msamaha. Ndipo bodaboda ikatokea barabarani, na nyuma yake mkwe wangu amekumbatia kifua kwa mikono miwili. Bahasha yenye pasipoti na tikiti alikuwa ameivaa ndani ya shati.

Alikuwa ameacha redio ikiimba usiku kucha ili asipitiwe na usingizi akachelewa. Redio ikamaliza betri ya gari, na simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu jioni. Alfajiri gari likakataa kuwaka. Alizunguka kwa madereva akiomba waya wa kuwashia, akakosa, akaliacha hapo.

"Nisamehe, Mama," akasema.

"Panda," nikamwambia.

Viti vilivyobaki vilikuwa viwili, pamoja, nyuma kabisa. Mkwe akasema atasimama. Dereva akasema kwa gari lake hasimami mtu. Basi tukakaa, nikaweka sanduku katikati yetu, yeye anaangalia dirisha lake na mimi kiti cha mbele. Nilijiambia gari si nyumba, na hatulali.

Mlangoni mwa uwanja wasiosafiri hawaingii. Akanionyesha mama mmoja mwenye kitenge cha njano.

"Mfuate huyo. Nimemwuliza, mnaenda ndege moja."

Nilitaka kumwambia maneno. Nikamwambia akatafute chai, ana uso kama wa maiti.

Nilifika. Ijumaa nilikuwa mlangoni kwa binti yangu alipoingizwa, na nilikuwa hapo alipotolewa. Mtoto ni wa kiume, alilia kwa nguvu.

Mtu akiniuliza leo, mkwe ningemfukuza tena alale nje. Ila pasipoti ingebaki kwangu. Sasa nimerudi Gatwekera, na binti yangu mdogo hunitumia video za mtoto, anakaribia miezi mitano, anacheka, anashika miguu yake. Majirani wanakuja kuzitazama wanafurahi. Wakishaondoka nazirudia peke yangu, simu nimeibana sikioni, nasikiliza kama anakohoa.