Leso ya Mama na Wareno

Binti yangu alipochumbiwa, mamangu alikuwa na ombi moja tu: bibi harusi afunikwe ile leso ya kisutu aliyofunikwa yeye kwao Unguja. Basi. Mambo ya dhahabu hata hakuuliza.

Ami yake mchumba akaja na watu wake kutoka Nizwa, tumalize maneno kwetu huku Ibra, Uarabuni. Kanzu imepigwa pasi mpaka unaogopa kupiga chafya karibu yake. Kusikia leso, akabenua midomo, akasema kwa Kiarabu:

"Yakhi, sisi Waarabu asli. Mambo ya Kisawahili tuyaache hukohuko."

Ningenyamaza. Lakini mie shule niliiachia njiani, na mtu kama mie akishasoma kitu kwenye simu hujiona profesa.

"Ami, leso wala si neno la Kiafrika! La Wareno hilo. Na Wahispania wanalo, kwao kitambaa cha kuchorea picha. Wataliana shuka la kitanda. Mama yao mmoja, Kilatini, maana yake kitani!"

Ami akaweka kikombe chini.

"Wareno? Wale ambao wazee wetu waliwatoa Maskati kwa panga? Leo tumfunike bibi harusi kitambaa chao?"

Mwenye akili angekomea hapo. Mie nikaongeza: "Hata Wafaransa wanalo. Ila kwao ni sanda."

Ami akasema astaghfirullah, akainuka kutafuta viatu. Nikajua leso ya mama nimeizika mwenyewe.

Mara upande wa wanawake, nyuma ya pazia, kikongwe akaita kwa Kiswahili kitupu: "We mwanangu, kaa kitako! Kisutu cha nani hicho? Kileteni nikione."

Mamake ami! Huyo Mwarabu asli, anayejifanya hata "karibu" haijui, kumbe mamake mzaliwa wa Chake.

Mama akampelekea. Bibi akakipakata, akakinusa. "Changu kama hiki nilikiacha Pemba," akasema.

"Ummi, watu watasemaje?" ami akalalamika pale paziani.

"Watu gani? Nenda zako, haya ya wanawake."

Siku ya harusi yule kikongwe akashika ncha za huku, mamangu za kule, binti yangu akafunikwa. Ami wakamtuma nje akapange magari. Na mie wakanituma nikamsaidie, kwa sharti nisifungue mdomo.