Tukingoja Mashine Isiyo na Mdomo

Mpaka leo sijui bei yake. Nimeambiwa itakuwa sawa na pikipiki. Nimeambiwa itakuwa rahisi kuliko zilizopo. Nimeambiwa haipo kabisa, ni maneno ya watu wa mitandaoni waliokosa kazi. Mimi ni fundi wa nguo hapa Malindi. Niulize bei ya kitambaa cha buibui nitakujibu macho nimeyafumba. Lakini miezi na miezi nimeishi na bei ya kitu ambacho hakuna aliyekitia machoni, na nimegombana na watu ninaowapenda kwa ajili yake.

Yote yalianza na mkono wa baba. Baba alikuwa fundi wa kanzu, wa kudarizi shingo kwa sindano ya mkono, na cherehani ninayoshonea ni yake. Kiharusi kilipompiga kilimwachia ulimi na akili, kikamchukulia mkono wa kulia. Hospitali walimpa kijimpira cha kuminya. "Minya kila siku, mzee," daktari wa viungo alimwambia. "Ukiuacha mkono ulale, utalala moja kwa moja." Baba alikiweka kile kijimpira dirishani, kikakaa hapo mpaka paka akakichukua. Alisema yeye si mtoto wa kuchezea mpira.

Idi ikaja, na kaka yangu akaja nayo kutoka Mariakani, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, ndevu zimeanza mvi, lakini hasafiri bila mashine yake ya gemu. Aliichomeka kwenye televisheni ya baba, akatia sidii ya mpira, akaanza kucheza na kupiga kelele peke yake. Baba, yuleyule aliyekikataa kijimpira, akasema, "Hebu nipe hicho." Akapewa padi, kile kidude chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili. Siku ile alifungwa mabao mpaka tukachoka kuyahesabu. Kaka aliporudi Mariakani aliiacha mashine, maana baba hakumpa nafasi ya kuichomoa.

Na ule mkono ukaamka. Kilianza kidole gumba, kwa sababu ndicho kinachotoa pasi na kupiga shuti, kisha cha shahada, kwa sababu ndicho kinachowaongezea wachezaji mbio. Nilikuwa nikishona chumba cha pili nikimsikia akimkaripia golikipa wake kama mtu aliyeharibu kanzu ya mteja. Haukupita muda akawa anajifungia kifungo cha shingo mwenyewe. Daktari alimwona akikifunga, akaniuliza tunampa dawa gani. Niliona haya kujibu. Baba akajibu yeye: "Mwambie nimeitwa timu ya taifa."

Raha haidumu. Mashine ilianza kuvuma kama kinu cha kusagia mahindi, kisha ikawa inazima katikati ya mechi. Niliipeleka kwa fundi wa vyombo vya umeme karibu na soko, akaifungua, akaipuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Dada, hii imekula chumvi nyingi," aliniambia. "Itakwenda, lakini msiifanyishe kazi sana. Vipuri vyake ni taabu." Akanieleza kuna bwana mmoja huko Gede anayo moja ya aina hiihii, imetumika lakini ni nzima, anaiuza. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba neno kwa neno, na nikampigia kaka nimuulize ile ya Gede niichukue.

"Usinunue!" kaka alipiga kelele. Nilikuwa nimeweka simu sauti ya juu, baba akaruka. "Usinunue chochote! Kuna mpya inakuja, nguvu zake si mchezo. Ikitangazwa tu, hizi za sasa bei zinaanguka, tutamchukulia baba nzuri. Ngojeni mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita?" baba akauliza.

"Mwezi wa sita, baba, inshallah."

"Haya," baba akasema. "Tutangoja."

Hapo ndipo masikio yangu yalipoanza kuteseka. Kaka alikuwa akitoka kazini ananitumia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Ati mashine mpya haitakuwa na mdomo, yaani lile tundu la kutilia sidii halipo tena, kila gemu itashuka kwa intaneti. Nilimpelekea baba habari hiyo akiwa anakunywa chai. Aliliangalia lile kopo la biskuti analowekea sidii zake. "Kitu kisicho na mdomo kinakula nini?" akaniuliza. Nikamwambia kinakula bando langu.

Kesho yake kaka akasema la, zitakuwa mbili, moja ina mdomo na moja haina. Wiki iliyofuata zikawa mbili lakini si kwa mdomo: moja ya kuweka mezani, moja ya kubeba mkononi kama simu. Mteja aliyeleta gauni la harusi akaapa mbele yangu kwamba padi mpya haitakuwa na vitufe, ni kioo tu cha kupapasa. Fundi wa sokoni akasema huyo mteja ni mwongo, vitufe vipo, ila padi za zamani hazitakubali kushikana na mashine mpya. Niliporudi kwa fundi siku nyingine kumuuliza tena, akasema zitakubali. "Lakini juzi ulisema hazikubali," nikamwambia. "Juzi ilikuwa juzi, dada," akanijibu, na uso wake hauna hata chembe ya haya.

Kisha ikaja ile ya chipu. Kaka alisema bei haitaanguka tena, itapanda, kwa sababu chipu zimekwisha duniani, zimechukuliwa zote na akili bandia. Baba aliinua kichwa. "Viazi vimefanya nini?" Nilianza kumweleza kwamba si chipsi za kula, ni vijipande vya ndani ya mashine, vya kumbukumbu, na nilipofika kwenye kumbukumbu nikaona mimi mwenyewe sijui ninachosema. Akili bandia ni nini hata ije inyang'anye kitu mkononi mwa mzee wa Malindi? Nilimuuliza kaka, akanitumia video ya mtu anayezungumza Kiingereza mbiombio, nyuma yake taa za rangirangi. Niliitazama mara mbili. Mara ya pili sikuelewa hata yale niliyodhani nimeyaelewa mara ya kwanza.

Na katika kelele zote hizo, baba akaacha kucheza. Si ghafla. Kwanza alipunguza, kisha ikawa mechi moja tu siku ya Ijumaa akitoka msikitini, halafu anaifunika mashine kwa kitambaa cheupe alichobakisha kwenye kanzu. Siku nyingine alikaa na tasbihi mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza pajani. Kifungo cha kanzu kikarudi kuwa kazi yangu. "Mbona huchezi, baba?" nikamuuliza. Akasema, "Naitunza. Fundi alisema isichoshwe. Ifike mwezi wa sita."

Mwezi wa sita ukafika. Kaka akasema wanatangaza wiki hii. Akasema wiki ijayo. Akasema kuna mtu wa ndani kabisa amevujisha habari kwamba wamesogeza mbele kwa sababu ya hizohizo chipu. Mwezi ukatoka, haikutangazwa hata waya. Nilikasirika nikamwendea baba pale barazani. "Baba, tusijidanganye," nikamwambia. "Mwezi wa sita umekwisha na hakuna kitu."

Alinitazama kwa upole ulionitisha. "Haujaingia, mwanangu."

"Baba, huu tulio nao ni wa saba."

"Mwezi wa sita bado," akasema, kisha akaendelea na tasbihi yake.

Nilikwenda jikoni nikalia juu ya nazi niliyokuwa nikikuna. Niliona mambo yote yamejipanga: ameacha kucheza, anakaa kimya, hajui yuko mwezi gani. Nilisema moyoni, kiharusi kimerudi kuchukua akili kiliyoisahau. Niliogopa kuliko siku kilipompiga. Nilimpigia kaka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari yoyote mpya. Alisema tu, "Mpeleke hospitali."

Nilimpeleka. Daktari wa viungo, yuleyule, aliushika mkono wa kulia akajaribu kuvifungua vidole. Vilifunguka nusu, vikarudi. "Huu mkono mbona umelala tena?" akaniuliza. "Ile dawa yenu mmeiacha?" Nikamwambia kwanza atazame akili, mkono baadaye. Akavuta kiti karibu na baba.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Malindi."

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu. Ana hamaki, usimjali."

"Na huu ni mwezi gani?"

Nilishika ukingo wa kiti. "Mfungo Tano," baba akasema. "Wa nne umetoka juzi."

Daktari alikuwa mtu wa bara. Alinigeukia. "Mama, anasema nini?"

"Ni hesabu yetu ya miezi ya Kiislamu," nikaanza kumfahamisha. "Ramadhani ikitoka tunahesabu upya. Mfungo Mosi, huo una Idi ndogo. Mfungo Pili. Mfungo Tatu, huo wa Idi ya kuchinja. Haifuati kalenda ya ukutani, mwaka wake ni mfupi, ndiyo maana Ramadhani kila mwaka inatujia mapema kidogo. Halafu wa nne, halafu huu wa tano aliousema, halafu wa Maulidi, ambao ni Mfungo..."

Daktari akangoja. Baba akanimalizia, taratibu, kama anayemsaidia mtoto wa chuo cha Kurani: "Sita."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili kidogo kidogo, na daktari akanipa karatasi ya kujifutia. Akili ya baba ilikuwa nzima kuliko yangu. Kaka alisema mwezi wa sita akimaanisha kalenda ya kiwandani kwao, yenye picha ya ng'ombe. Baba akasikia mwezi wa sita, akahesabu kama alivyohesabu maisha yake yote, na akaona kuna safari ndefu kidogo, basi mashine mgonjwa itumiwe kwa kiasi ifike. Mimi nilikuwa katikati yao na kalenda zote mbili ziko kichwani mwangu, nikashindwa kuzikutanisha. Alichoweka akiba baba kilikuwa mashine. Kilichopungua kilikuwa mkono.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha barazani nikampigia kaka, sauti ya juu, nimpe habari kwamba baba hana ila. Hakuningoja nifungue kinywa.

"Alhamdulillahi umepiga! Sasa imejulikana, safari hii ni kweli kweli," akasema. "Ni mwakani. Ina mdomo, lakini mdomo unauzwa mbali, peke yake. Msinunue kitu. Mwakani, inshallah."

Baba aliinua mkono wa kushoto, ishara ya kutaka kusema.

"Muulize mwaka upi," akaniambia.

"Mwaka ujao, baba!" kaka akaita kutoka simuni. "Mwakani!"

Baba akautazama mkono wake wa kulia pale pajani. "Mwambie," akasema, "mwaka wangu mimi ni mfupi kuliko wake."

Nilisikia mashine za kiwanda cha maziwa zikivuma nyuma ya kaka. "Halo?" akasema. "Mnanisikia? Mtandao umekata?" Nikaizima simu.

Nilivaa buibui langu nikaenda Gede. Yule bwana alikuwa nayo bado, ya aina ileile, ina mdomo, na padi yake ina vitufe vyote. Alitaja bei na sikubishana, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Akiifunga kwenye gazeti akaniambia nimefanya vizuri, maana amesikia mpya ikitoka hizi zitapanda, au pengine zitashuka, inategemea. Nilimwambia afunge haraka.

Kabla ya magharibi baba alikuwa mbele ya televisheni. Nilimpa padi, akaishika. Mechi ikaanza, na wachezaji wake wakasimama uwanjani wakimngoja, kwa sababu kidole gumba cha kulia kilikuwa kimejikunja ndani ya kiganja na hakikutaka kutoka. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanitazama nikaurudisha. Akakishika kidole kile kwa mkono wa kushoto, akakinyoosha polepole, kama alivyokuwa akinyoosha uzi kabla ya kuutia sindanoni, akakiweka juu ya kitufe.

"Bismillahi," akasema.