Nilivyojifungia Ndani ya Gari la Mbio

Mimi ni fundi wa bodi za magari hapa Lushoto. Juzi nilimaliza kumtengenezea Dada Rehema, dereva wa mbio za magari, milango inayofunguka kwenda juu kama mbawa. Kabla hajafika kuchukua gari, niliingia kuijaribu, nikajifungia. Nikavuta kitasa. Wapi! Nikavuta kwa mikono miwili, mlango haukutikisika. Mara nikanusa moshi. Nikajua nyaya zimeshika moto na nitaungua mzima mzima. Nikapiga kioo nikilia, "Yesu wangu, nakufa!"

Majirani wakajaa gereji. Dada Rehema akawapenya, akainama kiooni.

"Shikamoo, fundi. Moshi ni wa mama anayechoma mahindi hapo nje. Na hicho kitasa, si ulinifundisha mwenyewe kwamba hakivutwi, kinasukumwa?"