Hita ya Pikapu ya Baba

Juzi nilinusa mpira wa moto na maji ya kutu kwenye maonyesho ya magari ya zamani, mahali ambapo wanaume wenye kofia za ngozi huja kupigwa picha kando ya pikapu ambazo hawajawahi kuzisukuma. Mmoja alinifungulia boneti, akanionyesha mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita na kuyarudisha.

"Hii ni pambo tu, madam," alinieleza. "Huku kwetu hita ni ya nini?"

Nilimdharau papo hapo. Ujinga huo niliumiliki kabla yake.

Baba alikuwa akibeba nyanya kutoka shambani kwetu Kathonzweni hadi Kibwezi kwa pikapu kama ile. Kila tukifika mlimani, aliwasha hita mpaka mwisho, jua la Ukambani likiwa kichwani, na jasho likatutiririka. Mimi, namba moja darasani na mwerevu kuliko ukoo mzima, nilijikunja chini ya dashibodi wenzangu wasinione. Nilidhani hajui kuizima.

Kwa hiyo Mjomba Kioko, kaka yake Mama, alipokuja likizo kutoka Nairobi na viatu vyake vyeupe, nilimlilia. Alicheka mpaka akaketi, akasema shemeji yake anapika watoto. Baba akiwa bado anachuma nyanya, Mjomba aling'oa mipira yote miwili ya hita, akaunganisha matundu ya injini kwa kipande kifupi cha mpira, akakaza klipu. Nilimpigia makofi.

Kesho yake lori la Mombasa lilikuwa linaondoka Kibwezi saa sita, na nyanya zile ndizo pekee zilizopona kiangazi. Kwenye mlima wa kwanza Baba aliwasha hita. Ukatoka upepo tu, bila joto. Kabla ya kileleni, mvuke ulikuwa umefunika kioo.

Alifungua boneti, akakitazama kile kipande cha mpira, kisha akanitazama. Aliniita Mwaitu, Kikamba cha "mama yangu", kwa kuwa nina jina la mamake.

"Mwaitu, joto la injini lazima liende mahali," alisema. "Nilikuwa nalileta kwetu."

Injini ilipopoa, tulimimina maji yetu ya kunywa kwenye rejeta. Lori tulilikosa. Nyanya zilipasukia uani kwetu, nzi wakanenepa, na Mjomba akatangaza kwamba Baba alikuwa amezidisha mzigo.

Fizikia yake niliielewa chuo kikuu. Lile lingine lilichukua miaka zaidi: kwamba kila mlima Baba aliniona nikijikunja, akajua ninavyomfikiria, na hakuizima hita.