Sinema ya Mtu Aliyerudi Shambani

Sinema, kwangu mimi, inanukia mawese. Ukumbi wa video wa mtaani kwetu Rumonge ulipakana na mahali pa kukamulia chikichi, na hewa nzito ya mafuta yanayochemka ilipenya kwenye mabati, ikachanganyika na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukweni. Tulibanana kwenye mabenchi, Waislamu na Wakristo, tukitazama filamu ambazo wote tuliziita za Kihindi. Ilinichukua miaka kujua kwamba Wahindi wana lugha nyingi, na kwamba zile tulizozipenda kuliko zote zilikuwa za Kitelugu. Rama, mtafsiri wetu, alizitambua mapema kwa maandishi yake ya mviringo. Aliziita filamu za vitumbua.

Asubuhi Rama alikuwa fundi cherehani, mchana mtafsiri. Kitelugu hakukijua hata neno moja. Kazi yake aliifanya hivi: kabla ya watu kuja aliitazama filamu peke yake, akaelewa nani ni nani na mambo yanaishia wapi, mchana akasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akatusimulia. Kwake mashujaa wote walikuwa watu wa ziwani. Jambazi akitoroka, alikimbilia Kabonga ili avuke mpaka, na polisi wakamdaka Muhuta, ambako ni njia ya kinyume kabisa. Hakuna aliyemsahihisha, maana tulikuwa tumekuja kustarehe.

Miongoni mwa waliotengeneza filamu hizo alikuwapo mwongozaji mmoja tuliyemtambua bila kulijua jina lake. Tulimwita Bwana Mvua, kwa kuwa hakuna filamu yake iliyokwisha bila mvua kunyesha. Ukiona miguu ya shujaa kabla ya uso wake, ni yeye. Ukiona bibi yule yule mwenye meno machache amefanywa mama wa kila mtu, ni yeye. Wenzake walijaza maneno. Yeye, jambo likiwa zito, aliwanyamazisha watu wake akaiacha mikono iseme, na kamera ikaganda usoni pa mtu hata ukatamani kumpa kitambaa ajifute. Alianza na filamu za vijiji na mashamba, watu wachache na ng'ombe wao. Baadaye akapata fedha, akaingia kwenye wafalme, tembo na majumba yanayoteketea. Mvua ilibaki, ila mikono ikakosa kazi. Mimi nampenda yule wa mwanzo, na anayependa tembo na atazame tembo.

Msimu ninaoukumbuka ni kiangazi kile ambacho watu walikuwa wakirudi kwa wingi kutoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania. Zakaria alirudi na mke na watoto, akasimama kwenye shamba letu la michikichi, akasema ni la baba yake. Alikuwa akisema kweli. Baba yangu akasema babu alipewa shamba hilo na wakubwa wa wakati ule, baada ya wenye shamba kukimbia, na kwamba amezikwa humo humo. Naye alisema kweli. Ofisi iliyosikiliza mambo ya ardhi iliwaambia wasubiri. Wakasubiri, huku kaka zangu wakilala na mapanga chini ya kitanda, na wana wa Zakaria, ndani ya kibanda chao cha turubai ng'ambo ya mfereji, bila shaka hivyo hivyo. Mama alirudia kusema heri nusu shari kuliko shari kamili, na Baba akamwambia aangalie chungu chake. Niliogopa sana. Hata kuchota maji niliogopa, kwa sababu njia ilipita karibu na turubai lile.

Jumapili moja mchana ikaonyeshwa filamu ya zamani ya Bwana Mvua. Mtu anarudi kijijini kwao baada ya miaka mingi, anamkuta mzee mwingine analima shamba la baba yake. Baba alikuwa benchi la mbele. Zakaria aliingia amechelewa, akakosa pengine pa kukaa, akakaa nyuma yake. Ukumbi mzima ulijua, ukaacha hata kutafuna karanga. Rama alikuwa ameshaitazama asubuhi.

Mwisho ukafika na mvua yake. Shujaa amesimama na panga, mzee amepiga magoti kwenye tope. Wanaambiana maneno machache mno. Kisha shujaa anashusha panga, ananyoosha mkono kuelekea mwisho wa shamba, na mzee anainuka, anaokota furushi, anatembea polepole juu ya tuta. Rama aliyatupia macho mabenchi ya mbele. Halafu akasogeza kipaza sauti.

"Anamwambia hivi: Muzee, mimi sina pa kwenda, na weye hauna pa kwenda. Mutaka yote hukosa yote. Tembea mupaka pale katikati, uweke alama. Weye utagawa, mimi nitachagua."

Mzee aliendelea kutembea, mvua ikamfunika, filamu ikaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, Baba alimngoja Zakaria mlangoni, akamwambia bila hata salamu ya amahoro:

"Kesho asubuhi ukuje ku parseli, kule shamba. Mimi nitagawa, weye utachagua."

"Nitakuja, ndugu yangu," Zakaria akajibu kwa Kiswahili chake cha Tanzania.

Akaja. Baba alipanda mstari wa miyenzi, miti yetu ya ua, kutoka barabarani hadi mtoni, na Zakaria akachagua upande wenye michikichi mizee. Kaka zangu waliyatoa mapanga chini ya kitanda, wakaenda nayo kufyeka. Ofisi ilipotuita hatimaye, wale wawili walikwenda pamoja kusema kesi imekwisha.

Baba ameshafariki. Ukumbi sasa ni duka la simu, na kila mtu Rumonge ana sinema yake mfukoni, maandishi ya Kifaransa yakipita chini, neno kwa neno. Hakuna tena anayesimama kati ya mwongozaji na mtazamaji. Ni maendeleo, naambiwa. Majuzi Elia, mtoto wa Zakaria, aliipata filamu ile kwenye simu, tukaitazama tumekaa kando ya miyenzi, michikichi yao huku, yetu huku.

Mvua iliponyesha, nilisoma. Shujaa anamwambia mzee aondoke kabla mvua haijakatika, yeye na kizazi chake chote, na akigeuka nyuma atamkata. Furushi lilikuwa nguo zake. Elia alisoma, akairudisha nyuma, akasoma tena. Upande wa pili wa ua tulimsikia baba yake akikohoa kati ya michikichi yake.

"Mzee asiione hii," Elia akasema, akaifuta.