Swali Kuhusu Mifupa

Mwaka niliopata diplome ya sekondari, nilitaka kusoma vitu viwili pamoja: sheria ya makosa ya jinai, na sayansi ya kuchunguza maiti na alama hadi muuaji ajulikane. Mwalimu wangu wa kemia aliniambia kwamba hapa Bunia hajaona masomo ya namna hiyo. "Anza na droit, ile sheria," alisema. "Ile sayansi utaifuata mbali, ukimaliza."

Nilimweleza mama mdogo habari hiyo sokoni, alikokuwa akiuza samaki waliotoka ziwani Kasenyi. Kwa furaha nilisema kwa sauti kubwa. Nilisema hata mifupa iliyokaa ardhini miaka mingi inaweza kutoa habari.

Mwanaume mmoja aliyekuwa akichagua samaki aliacha kuchagua. Aliniuliza polepole, "Mifupa ya mutu, mvua ikiisha kuinyeshea sana, bado munaweza kujua nani alimuua?"

Mama mdogo alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Sijue, papa," nilijibu. "Sijaanza kusoma."

"Weye ni mutoto wa wapi?"

"Ni mutoto wa hapa," mama mdogo akadakia. "Samaki iko muzuri, papa. Nikufungie?"

Alilipa, akaondoka bila haraka. Siye tulifunga meza mapema, tukarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya kanisa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu yetu ilinifanya nimshike mama mdogo mkono.

Tulimsimulia baba yote. Tulikimbia Djugu kwa sababu ya vita. Kaka yake alibaki kule, na hatujui mifupa yake imelala wapi.

"Yule mutu labda iko anatafuta mutu wake kama siye," baba alisema. "Ao iko anaogopa kutafutwa. Kwa uso hauwezi kujua."

Hakunikataza kusoma. Aliniomba tu nisitaje tena mambo ya mifupa mbele ya watu.

Sasa niko mwaka wa kwanza wa droit. Majirani wakiuliza, nasema nataka kuwa avoka, wakili wa kawaida tu. Kitabu cha anatomia nakisoma chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Nikisikia nyayo uani nakifunika kwa kitenge, nangoja hadi nitambue sauti ya mtu, halafu nakifunua tena.