Maziwa ya Kampuni ya Kassimu

Babu yangu Kassimu ndiye aliyeanzisha kampuni ya kwanza ya mwendo wa kasi katika nchi nzima ya Songea, na asikudanganye mtu. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani wakiwa wametulia bomani na bendera yao. Kampuni ilikuwa na baiskeli moja, kengele moja na mkurugenzi mmoja, ambaye pia ndiye aliyekuwa mpandaji, msemaji na mziba pancha. Baiskeli aliinunua Lindi, akaisukuma kwa mkono mpaka Songea kwa sababu alikuwa hajajua kuipanda.

Kazi ya kampuni ilikuwa kupeleka barua, chumvi na habari za misiba Namtumbo kwa siku moja, safari ambayo kwa miguu ni siku mbili. Mwezi wa kwanza iliwezekana kweli. Watu walipoliona lile dude walikimbilia vichakani, njia ikabaki nyeupe. Babu alidai mpaka uzeeni kwamba ilikuwa nguvu ya miguu yake. Mimi nasema ilikuwa woga wa wenzake.

Safari ya tatu breki zilikataa, akaingia mzimamzima kwenye shamba la mtama la Mzee Majaliwa wa Namtumbo. Aliyemchomoa humo ni binti wa mzee, Mwanaheri, aliyecheka mpaka akakaa chini. Babu akampenda palepale, mtama ukiwa bado puani, na wiki haikuisha akapeleka posa.

Mzee Majaliwa alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. "Nasikia unatoka Songea alfajiri unafika huku jioni," alisema. "Mimi sikukuona ukitoka. Niletee maziwa yaliyokamuliwa Songea asubuhi hiyohiyo, yafike kabla jua halijazama, yakiwa hayajaganda. Ukiweza, Mwanaheri ni wako."

"Hilo tu, mzee?" babu akauliza, na kifua akakitanua.

Masikini, hakujua kampuni yake ilikuwa imekwisha kuanza kufa. Watu walikuwa wameacha kuogopa. Tena walikuwa wameielewa ile kengele kwa namna yao. Babu aliipiga ili wampishe. Wao waliisikia kama hodi. Na mtu akikupigia hodi hukai ndani. Unatoka, unaketi mahali pa heshima, unasubiri usalimiwe. Kadiri alivyopiga kengele ndivyo walivyotoka, na mtu wa adabu hasalimii mkubwa akiwa amekaa juu ya kiti chenye magurudumu. Anashuka, anachuchumaa, anasema shikamoo, kisha anauliza habari za wazee, za watoto, za mbuzi na za shamba, moja baada ya moja.

Aliyeongoza ni Bibi Zabibu, aliyekaa katikati ya njia. Bibi huyo alikuwa na mguu mbaya, na habari za mguu ule hazikufupishwa.

"Shikamoo, bibi. Nina haraka kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Haraka ya nini na wewe una baiskeli? Kaa. Juzi mguu ulianzia hapa kwenye goti..."

Mara ya kwanza babu alifika Namtumbo siku ya tatu. Maziwa yalikuwa yameganda, na kwa sababu kibuyu kilitikiswa njia nzima, yalikuwa na siagi juu. Mzee Majaliwa akanywa mtindi, siagi akajipaka miguuni, akasema: "Matamu. Jaribu tena."

Mara ya pili babu aliing'oa kengele. Watu wakalalamika kwamba kijana amekuwa na kiburi, anapita bila hodi, wakamsimamisha wamwonye, na kuonywa kukachukua muda mrefu kuliko kusalimia. Mara ya tatu alijifunika shuka usoni asijulikane, akiwa juu ya baiskeli ya pekee katika nchi nzima. Bibi Zabibu alimpa pole ya jino. Wateja nao wakahama. Barua wakampa mtu wa miguu aliyepita njia za porini, akafika siku ya pili huku babu akiwa bado anasikiliza habari za mbuzi.

Mzee Majaliwa alinenepa kwa mtindi. Mwanaheri alianza kukasirika. "Wewe Kassimu," alimwambia, "utanioa nikiwa na mvi?"

Kisha vita vikaja, na baada ya vita njaa. Miaka miwili babu hakukanyaga Namtumbo. Alipona, sijui vipi. Hilo hakupenda kulisimulia. Mvua zilipokwisha akaichomoa baiskeli chini ya majani alikoificha, akajaza nyasi kwenye matairi yaliyooza, akairudishia kengele yake, akaondoka alfajiri kwenda kumtafuta Mwanaheri. Kibuyu alikifunga nyuma kwa mazoea. Kilikuwa kitupu, kwani ng'ombe hawakuwako tena.

Alifika jua likiwa bado juu.

Mwanaheri alikuwa hai, amekonda, anatwanga mizizi. Mzee Majaliwa alikuwa ameketi mlangoni. Alimtazama babu, akalitazama jua, akaitazama baiskeli.

"Umetoka Songea lini?"

"Leo alfajiri, mzee. Maziwa sikupata."

Mzee hakuuliza habari za maziwa. "Njiani umemsalimia nani?"

Kwa Bibi Zabibu babu alikuwa amepiga kengele mara tatu. Alishuka, akachuchumaa mbele ya mlango uliokuwa wazi, akangoja sana.

"Hakuna mtu, mzee," akasema.

Wakalia wote watatu, mzee akiwa wa kwanza. Kisha mzee akajifuta uso, akashika mkono wa binti yake, akauweka kwenye mkono wa babu.

"Mchukue," alisema. "Lakini siku nyingine, mwanangu, usije upesi hivi."